Vitabu vyake anavisoma vyote, kipya kinamshinda: nimnunulie vipi?

SWALI: Mwalimu, ninamfundishia mwanangu nyumbani. Ana miaka 6. Vitabu vyake vitatu vya kuanzia anavisoma bila kukosea, lakini nikimpa kipya, hata kilichoandikwa "miaka 5 hadi 7", anakwama mstari wa kwanza na kuanza kuangalia picha. Ninunue vya aina gani?

JIBU: Mama, kabla hujanunua chochote, chukua karatasi tupu umwandikie sentensi moja kutoka kwenye vitabu hivyo. Tuseme kitabuni kuna "Baba analima". Iandike hivyo hivyo, bila picha. Chini yake andika "Babu analala". Akiisoma ya kwanza bila shida na kukwama kwenye ya pili, ujue vitabu hivyo hajavisoma, amevikariri. Wala si kosa lake. Vitabu vingi vya kuanzia hurudia sentensi ileile kila ukurasa, linabadilika neno moja tu, na neno lenyewe limechorwa pembeni. Mtoto mwerevu anasoma picha.

Umri ulioandikwa kwenye jalada usikusumbue. Unakuambia hadithi itamfaa nani. Haukuambii kama mwanao ameshafundishwa sauti zilizomo. Fungua kitabu katikati, uangalie maneno yenyewe. Kama amefikia silabi nyepesi za ba, ka, la, ma, tafuta kitabu ambacho karibu maneno yote yamejengwa kwa silabi hizo. Cha mb, nd, ny, sh na mw kingoje zamu yake. Ng na ng' usimletee siku moja: ngoma leo, ng'ombe wiki nyingine.

Kuna herufi moja inayowatesa watoto na wazazi hawaioni, ile m inayosimama peke yake. Mtoto husoma mtu kama "mutu" kwa sababu amezoea kila konsonanti kufuatwa na irabu. Mwonyeshe kwa kupiga makofi: m-tu, mawili. Hata mbu ni m-bu, makofi mawili, ilhali mbuzi ni mbu-zi, m haina kofi lake. Ukikuta kitabu kimejaa maneno ya namna hii kwenye kurasa za mwanzo, kiweke kando kwanza.

Halafu urefu. Kiswahili kina huruma kwa anayeanza, maana irabu zetu 5 hazibadiliki sauti. Adhabu yake ni maneno marefu. "Wanapokimbilia" lina silabi 7. Mtoto anaweza kuzitamka zote sawasawa na akifika mwisho awe ameshasahau alipoanzia. Hapo ndipo hadithi nyingi zilizotafsiriwa humwangusha: picha nzuri, ila kila neno limeunganishwa viambishi vingi kama mabehewa ya treni. Mwanzoni nachagua maneno ya silabi mbili hadi nne, sentensi inayoishia kwenye mstari wake, na kamwe neno lisikatwe kwa kistari mwisho wa mstari.

Kupima ni rahisi. Mpe maneno 20 ya kitabu asichokijua. Akikwama kwa moja au asikwame kabisa, kitabu ni chake, asome mwenyewe. Mawili, asome ukiwa umekaa naye. Yakizidi hapo, msomee wewe. Na hivyo vya kumsomea usivipunguze hata kidogo, viwe vigumu na vitamu kuliko anavyoviweza. Humo ndimo anamookota misamiati atakayokutana nayo baadaye akiwa peke yake.

Usipopata kitabu cha kiwango chake, kitengeneze. Mimi hupenda hivi kuliko vya kununua. Karatasi mbili zikikunjwa katikati na kushonwa zinatoa kurasa 8. Andika sentensi moja kila ukurasa, kwa silabi anazozijua tu, kuhusu jambo alilolifanya jana: "Kaka alikata kuni. Mama alipika." Achore mwenyewe, lakini baada ya kusoma. Picha ikitangulia, tumerudi kulekule kwenye kubahatisha.

Vile vitatu alivyovikariri usivitupe. Funika picha kwa kadi, anza kumwonyesha ukurasa wa mwisho ukirudi nyuma, na umwambie aweke kidole chini ya kila silabi. Kidole kikiwahi kuliko mdomo au mdomo kuliko kidole, mrudishe taratibu mwanzo wa neno.