Hesabu Ianze na Atakayebaki na Mtoto

Swali lenu la wiki hii linauliza binti aliyeshika mimba kabla ya kutimiza miaka 20 ajiandae vipi kwa gharama na changamoto za uzazi. Mimi nilijifungua nikiwa na miaka 17, na kosa letu nyumbani lilikuwa kuelekeza akiba yote kwenye siku ya kujifungua, kana kwamba kesho yake mtoto angejitegemea.

Siidharau siku hiyo. Binti ambaye nyonga zake hazijakomaa anaweza kukwama katika uchungu na kuhitaji upasuaji, na kifafa cha mimba pamoja na kuzaa njiti huwapata zaidi walio katika umri huo. Kwa hiyo fedha za dharura na usafiri wa usiku vipangwe mapema. Shirika la Afya Duniani limependekeza tangu 2016 mahudhurio ya kliniki yasiyopungua 8, la kwanza likiwa ndani ya wiki 12. Mimi niliificha mimba hadi mwezi wa sita, na upungufu wa damu ukagunduliwa wakati ambapo ningekuwa nimeshameza vidonge vya madini ya chuma kwa miezi kadhaa.

Nguo za mtoto zisiwasumbue, nyingi huazimwa. Kinachokula fedha ni muda. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwamo, na hushauriwa apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Maziwa hayo hayanunuliwi, lakini mama anayetaka kurudi darasani lazima ayakamue, na yakiwa nje ya jokofu hayafai kukaa zaidi ya saa 4. Basi swali la kwanza kujibiwa, tena kabla mtoto hajazaliwa, ni nani atakayebaki naye na atalipwaje. Baba wa mtoto, ambaye mara nyingi naye ni mwanafunzi asiye na kipato, aitwe pamoja na wazazi wake, na kila wanachoahidi kiandikwe.

Mtu wa kubaki na mtoto anahitajika pia kwa sababu ya mama mwenyewe. Machozi ya siku za mwanzo ni ya kawaida, ila yakipita wiki mbili aonwe na mhudumu wa afya, kwa kuwa huenda ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Uzazi wa mpango nao uzungumzwe kliniki bila kuoneana haya, maana mimba ya pili ya haraka ingevuruga mpango wote.

Kwetu aliyebaki na mtoto alikuwa mama yangu. Aliifunga biashara yake kwa miezi saba ili nimalize masomo, na kipato alichokikosa kilizidi mbali tulicholipa hospitalini, ingawa katika daftari letu la gharama hakikuandikwa popote.