Msimwambie mama "kichwa kiko safi"

Juzi usiku nimepita wodini nikamkuta intani kamwinamia mtoto aliyezaliwa saa nane tu zilizopita. Probu ya altrasaundi iko utosini, na anajisomea picha ya ubongo kwa sauti: "Ventrikali sawa, damu hakuna, safi kabisa." Ventrikali ni vile vyumba vya maji ndani ya ubongo. Mama mtu yuko pembeni, kanula bado mkononi, anameza kila neno. Nikamvuta kijana koridoni. Ya koridoni yangebaki koridoni, ila kila rotesheni mnakuja wapya na kosa lilelile la zamani, kwa hiyo leo naandika nipumzike koo.

1. Jeli ipashwe. Chovya chupa kwenye maji ya uvuguvugu kabla hujafungua mlango wa inkubeta. Wiki iliyopita mtoto kaanza kipimo na joto la 36.7, kamaliza na 35.5. Utafiti wa HELIX wa 2021 ulionyesha kwamba huko India, Sri Lanka na Bangladesh watoto waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa wakapozwa mwili kama tiba walikufa zaidi kuliko wasiopozwa, na ule ulikuwa upozaji wa kitaalamu. Nyinyi mnapoza kwa jeli.

2. Futa probu kabla na baada ya kila mtoto, na waya wake. Waya, jamani! Ndio unaoburuzwa juu ya magodoro yote.

3. Kulia kwa mtoto ni kushoto kwa skrini. Hakikisha alama ya probu kabla hujaandika upande.

4. Koroidi, tishu inayotengeneza maji ya ubongo, si damu. Inang'aa kwa asili yake, na haivuki mbele ya tundu la Monro, linalounganisha ventrikali. Ukiona mng'ao mbele ya hapo, kwenye kijifereji kati ya kaudeti na talamasi (sehemu mbili za ndani kabisa ya ubongo), ndipo umkumbuke Papile na gredi zake za damu kichwani. Mwenzenu mmoja aliwahi kutangaza "gredi ya pili" kwa mtoto wa kilo tatu na nusu aliyekuwa ananyonya hadi anakohoa. Koroidi yake ilikuwa nene tu, maskini.

5. Hili sasa ni langu. Mashine ya kubebeka ilikuwa ndiyo kwanza imefika, na niliyefunzwa kuitumia ni mimi peke yangu. Nilikuwa naisukuma wodini kama bwana harusi. Akaletwa mtoto aliyetimiza miezi, uchungu ulikuwa wa muda mrefu, hakulia, alipigwa ambu, ule mfuko wa kupumulishia, dakika kumi. Thompson, alama za ukali wa ubongo kukosa hewa, 12. Kabla ya usiku wa manane degedege limeanza. Nikampima akiwa na saa kumi tangu azaliwe. Ventrikali nyembamba, nikasema za watoto wa siku moja huwa hivyo. Mengine sikuona kitu. Mama hakuniuliza chochote. Nikajitolea mwenyewe: "Kichwa kiko safi, mama."

Alipiga simu palepale, spika wazi: "Daktari kapima ubongo, mzima!" Upande wa pili ukapigwa kigelegele. Mtoto akapewa jina simu ikiwa bado hewani.

Siku ya nne Sista akaniambia huyu bado hanyonyi, hebu mrudie. Nikaweka probu. Talamasi zote mbili zinawaka kama macho ya paka gizani. Mama alikuwa anaangalia skrini pamoja nami. "Hayo meupe ni nini? Juzi hayakuwepo."

Mashine haikunidanganya. Talamasi iliyokosa hewa huchukua siku mbili hadi nne ndipo ing'ae. Siku ya kwanza altrasaundi inaweza kuwa nzuri kabisa na mtoto ameshaumia. Yeye mwenyewe alishatuambia kwa degedege na kwa ile Thompson iliyokuwa kwenye faili, kwa mwandiko wangu. Lakini lililoniuma lilikuja baadaye. Mama alinyamaza kidogo, akauliza: "Kwa hiyo kaumia hapahapa wodini?"

Alikuwa na haki kuuliza. Mimi ndiye niliyempa cheti kwamba aliingia mzima. Kuanzia siku hiyo kila Sista alipomlisha kwa mpira, mama alisimama kumlinda mtoto wake dhidi ya mtu aliyekuwa amemkeshea siku nne. Nilimweleza mama, nikarudia na baba mtu akiwepo, nikasema nilikosea mimi. Alitikisa kichwa tu. Sista naye alikaa wiki kadhaa ananijibu "ndiyo daktari", "hapana daktari", basi.

Siku hizi nasema: "Picha ya leo haionyeshi damu. Hali yake ndiyo inatupa wasiwasi, tutarudia siku ya nne." Na kwenye faili andikeni umri kwa saa. "Kawaida" isiyo na saa hainisaidii kitu asubuhi kwenye raundi.

6. RI, yaani kipimo cha ukinzani wa damu kwenye mshipa wa ubongo, ipimwe baada ya saa 24. Ikiwa chini ya 0.55 niamsheni. Na mashine ikae kwenye chaji usiku kucha. Aliyeichomoa Jumanne ili achaji simu yake namfahamu, kava lake ni la pinki.