Maswali ya Wasomaji: Roketi ipo, mbona hatujahamia Mirihi?

Shikamoo. Mi nasoma kidato cha tano PCM hapa Morogoro. Bwenini tunabishana kila usiku kuhusu watu kuhamia Mirihi, mi nasema roketi kubwa zishaanza kujaribiwa kwahiyo kazi ngumu imeisha, wenzangu wanasema bado sana. Nani yuko sahihi na hasa kinachokwamisha ni nini?

Marahaba mwanangu. Hapa niko upande wa wenzako. Roketi ni kazi kubwa sikatai, lakini yenyewe inakufikisha tu, miezi sita mpaka tisa hivi njiani halafu umeshuka, na ukishashuka ndo shida zinaanza. Presha ya hewa ya Mirihi haifiki hata asilimia 1 ya hii ya kwetu na karibu yote ni kabonidayoksaidi, yaani kila pumzi utakayovuta lazima itengenezwe, usiku na mchana, maisha yako yote.

NASA, shirika la anga la Marekani, walishajaribu kuitengeneza oksijeni hukohuko. Gari lao la Perseverance lililotua Februari 2021 lilibeba kimashine kinaitwa MOXIE, kinavuta ile kabonidayoksaidi kinatoa oksijeni, na kilifanya kazi vizuri kabisa, kikawashwa mara 16 mpaka 2023, jumla kikatoa gramu 122. Mtu mmoja kwa siku anahitaji kama gramu 840. Kilikuwa kidogo na cha majaribio, ni kweli, ila piga hesabu mwenyewe, oksijeni yote ile haimfikishi mtu mmoja hata masaa manne.

Sasa mfano ambao ningependa mkaujadili bwenini hauko angani, uko Arizona, Marekani. Mwaka 1991 watu 8 walijifungia kwenye jengo kubwa la vioo linaitwa Biosphere 2, ndani kuna msitu, kuna bahari ndogo, kuna mashamba, wakae miaka 2 wakila walichokilima na kupumua hewa iliyosafishwa na mimea yao wenyewe. Njaa iliwasumbua na wakakonda, lakini kilichotisha ni oksijeni, ilianza kushuka polepole kutoka karibu asilimia 21 mpaka 14 na kitu, watu wanahema wakipanda ngazi, usingizi haukai, mwisho mwanzoni mwa 1993 ikabidi waingiziwe oksijeni kutoka nje. Walipochunguza wakakuta udongo waliouweka ulikuwa na mboji nyingi mno, bakteria wa kwenye udongo wanakula oksijeni na kutoa kabonidayoksaidi, halafu hiyo kabonidayoksaidi badala ya kwenda yote kwenye mimea, nyingine ikawa inanyonywa na zege la jengo. Wataalamu walipanga kila kitu, zege likawaponyoka! Na wale walikuwa na mlango wa kutokea na gari la oksijeni lingeweza kufika siku hiyohiyo. Kwenda Mirihi nafasi nzuri ya kurusha chombo inakuja kila baada ya miezi 26 hivi, kwahiyo hata pampu ikifa unasubiri.

Kuna mambo yameenda vizuri pia. Kituo cha kimataifa cha anga kina watu mfululizo tangu Novemba 2000, na 2023 kilifikia kurudisha asilimia 98 ya maji, jasho na mkojo humo humo. Ila kiko kilomita 400 tu juu yetu na chakula bado kinapelekwa kutoka huku.

Mwili nao usiusahau. Vipimo vya gari jingine la NASA, Curiosity, likiwa njiani kwenda Mirihi vilionyesha safari ya kwenda na kurudi inampa mtu mionzi zaidi ya mara 200 ya ile ya asili anayoipata mtu wa kawaida duniani kwa mwaka. Uvutano wa Mirihi ni asilimia 38 ya wetu, na hakuna binadamu aliyewahi kuishi kwenye uvutano huo, achilia mbali kubeba mimba. Mtu akisema mji wa watu milioni wenye familia, muulize kwanza hilo.

Ndo maana naona wenzenu wa PCB, wanaosoma baiolojia, na wa kilimo watahitajika huko kuliko watu wa roketi, hasa anayejua udongo.

Habari zenu. Kuna jamaa mtandaoni anauza viwanja vya mwezini, bei poa na cheti anatoa. Ni halali kweli? (Msomaji, Mombasa)

Usimpe hata shilingi ndugu yangu. Mkataba wa anga wa 1967 unakataza nchi yoyote kujimilikisha mwezi au sayari, sasa kama serikali haiwezi kuwa na ardhi kule, yeye ya kukuuzia kaitoa wapi? Kinachobishaniwa kweli ni kile kitakachochimbwa, maana Marekani ilipitisha sheria 2015 inayowaruhusu raia wake kumiliki madini na maji watakayoyatoa huko, na Luxembourg nayo ikatunga ya kwake 2017, wakati kuna wanasheria wanaosema hilo linaukwepa mkataba. Lakini hata sheria hizo hazikupi kiwanja. Kama ushamtumia hela kwa simu, wapigie mtandao wako leo waombe kuzuia muamala kabla hajazitoa.