Mfasiri wa Kichina na Kiitaliano: Msipitie Kiingereza

SWALI: Muuzaji ni kiwanda cha China, mnunuzi ni kampuni yetu ya Italia, bidhaa ni mashine za kushonea ngozi. Mkataba umeandikwa kwa Kichina. Tumpate wapi mtu wa kuufasiri na kutukalimania siku ya kikao?

JIBU: Tafuteni wawili. Mfasiri hukaa na maandishi na kamusi zake. Mkalimani hufanya kazi papo kwa papo. Wanaoziweza zote mbili sawasawa ni wachache.

Kwa mfasiri, anzeni na orodha ya wanachama wa AITI, chama cha wafasiri na wakalimani wa Italia kilichoanzishwa 1950. Kabla ya bei, ulizeni: mnatoa Kichina moja kwa moja kwenda Kiitaliano, au mnapitia Kiingereza? Wakala akikosa mtu wa lugha hizi mbili huzungukia huko, na mkataba hauvumilii mzunguko huo.

Chukueni mfano wa malipo ya awali. Kichina kina 定金 na 订金. Yote mawili hutamkwa dingjin, hata toni ni zilezile. La kwanza linafunga: mlipaji akivunja mkataba fedha zimekwenda, mpokeaji akivunja anarudisha mara mbili, na sheria ya China imeweka ukomo wa asilimia 20 ya thamani ya mkataba. La pili ni sehemu ya bei iliyotangulizwa tu. Kiitaliano nacho kinatenganisha: caparra confirmatoria kwa la kwanza, acconto kwa la pili. Kiingereza mara nyingi huyabeba yote kwa neno moja, na tofauti inafia hapo. Mpeni kila mwombaji aya yenye maneno yote mawili, na mmlipe kwa jaribio hilo. Akiandika acconto kotekote, mwacheni.

Tarakimu nazo zinaumiza. Wachina huhesabu kwa elfu kumi, kwa hiyo 35万 ni 350,000. Mwitaliano akiandika 1.500 anamaanisha elfu moja na mia tano. Mchina atasoma moja na nusu. Kiwango cha ISO 17100, cha kimataifa cha huduma za tafsiri, kinataka mtu wa pili alinganishe tafsiri na matini asilia. Hakikisheni mtu huyo yumo kwenye bei mliyopewa.

Kwa mkalimani, someni herufi zilizo mbele ya lugha zake. A ni lugha yake ya kwanza, B anaimudu kiasi cha kukalimani kuielekea, C anaielewa tu. Mwenye Kiitaliano A na Kichina C atawafikishia maneno ya Wachina, lakini ya kwenu hatawarudishia. Ulizeni pia wenyeji wa kiwanda wanazungumza nini: mtu aliyesomea Kimandarini, yaani Kichina sanifu, haelewi Kiwenzhou, lahaja ya mji wa Wenzhou. Mkitaka ukalimani sambamba, yaani mkalimani anasema huku msemaji akiendelea kusema, waajirini wawili wapokezane kila dakika 20 hadi 30. Mpeni mkalimani michoro ya mashine na orodha ya vipuri wiki moja kabla; asipoiona, atakwama kwenye jina la sindano.

SWALI: Cheti cha kuzaliwa kilichotolewa China kinahitajika Italia. Nianze na tafsiri?

JIBU: Hapana, anza na apostili, yaani uthibitisho wa kimataifa unaobandikwa kwenye hati na nchi iliyoitoa. China ilianza kuitumia tarehe 7 Novemba 2023, na Italia inaitambua, hivyo huhitaji tena muhuri wa ubalozi. Kisha mfasiri afasiri cheti, na kama ofisi inataka tafsiri ya kiapo, aape mahakamani. Apostili yenyewe nayo ifasiriwe.