Barua kwa mwanangu: Saa zako zinapotelea wapi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unauliza: "Mama, niliacha ajira ili nijipangie muda mwenyewe. Sasa nashona nyumbani kutwa hadi usiku, na bado nguo za wateja zinachelewa. Siku yangu niipange vipi?"

Usipange kwanza. Hesabu. Wewe unahesabu muda wa cherehani peke yake. Ukiletewa kitambaa cha gauni unajiambia hii ni kazi ya saa tatu, basi. Lakini mteja alikutumia picha, mkajadiliana mikono iwe mirefu au mifupi. Ukampima. Ukatoka kutafuta uzi na zipu vya kuoana na kitambaa. Ukakata. Akaja kujaribu, kiuno kikambana, ukafumua na kushona upya, ukapiga pasi, halafu siku ya kuchukua ukakaa unamsubiri. Yote hayo umeyafanya na yamekuchosha, ila hayamo kwenye hesabu yako ya siku wala, nadhani, kwenye bei yako.

Si wewe tu. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika mwaka 1979 kuhusu udhaifu huu wa kukadiria muda mfupi kuliko kazi inavyotaka. Mwaka 1994 watafiti wengine walichapisha matokeo ya wanafunzi wa chuo kikuu walioulizwa watamaliza lini tasnifu zao. Kwa wastani walikadiria siku 34 hivi, wakatumia 55 hivi. Waliulizwa pia ingekuwaje kila kitu kikienda kombo. Wakasema karibu siku 49, na hizo nazo hazikutosha. Mafundi tunasutwa kwa "njoo kesho", kumbe hata wasomi ni walewale.

Kwa hiyo weka daftari kando ya cherehani kwa wiki moja. Kila unapoacha kazi moja na kushika nyingine, andika saa. Simu iandike pia, na mteja aliyekuja kuuliza bei akakaa kupiga soga. Wiki hiyo usijirekebishe chochote, maana utajidanganya. Ikiisha utajua gauni moja linakula saa ngapi hasa, na tarehe unazoahidi zitoke humo.

Naweza kukisia daftari litakuonyesha nini: simu. Unaacha mkono wa nguo umeshikizwa nusu ili ujibu "bei gani?", ukirudi unaushona mkono wa kulia upande wa kushoto. Mtafiti Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba mtu akihama kazi kabla hajaimaliza, sehemu ya akili yake hubaki kule alikotoka. Jibu ujumbe mara mbili kwa siku, kabla hujakaa kushona na baada ya kuinuka, na wateja uwaambie hivyo mapema. Watazoea. Nguo nazo usishone moja moja mpaka mwisho. Kata za siku mbili kwa pamoja, shona zote za uzi mweusi kabla hujaweka mweupe, pasi iwashe mara moja. Kuna mtindo wa Francesco Cirillo wa kufanya kazi dakika 25 na kupumzika 5, nasikia vijana mnaupenda. Kwa mwandishi labda. Kwa mshonaji, kengele italia uko katikati ya kola.

Kukata kufanye asubuhi, akili ikiwa bado nyepesi. Mshono ulioharibika usiku unafumuliwa kesho yake. Kitambaa kilichokatwa vibaya unakilipia.

Halafu kuna watu wa nyumbani. "Si uko hapa hapa tu?" wanasema, na unatumwa, unaachiwa watoto wa wenzio, unaombwa umpokee mgeni. Usigombane nao. Waambie saa zako za kazi kama ambavyo ungewaambia ukiwa umeajiriwa, na ukiwa kazini mlango uwe umefungwa. Ukiuacha wazi siku moja kwa kuona haya, wiki nzima utakuwa unaanza upya. Mwanao ni jambo jingine. Mtoto anayetambaa hafungiwi mlango, na wanaokwambia utapata saa nane za kazi ukiwa naye peke yako hawajawahi kulea. Hesabu saa anazolala na saa ambazo baba yake yupo. Zikiwa nne, wewe ni fundi wa saa nne, pokea kazi za saa nne.

Na uwe na saa ya kufunga. Mwaka 1955 mwandishi Mwingereza Cyril Northcote Parkinson aliandika kwamba kazi hutanuka mpaka ijaze muda iliopewa. Aliandika kwa kejeli, akiwalenga watumishi wa serikali, lakini nyumba yako imekuwa ofisi isiyofungwa. Saa ikifika, funika cherehani, hata kama umebakiza vifungo viwili. Kesho utaanzia hapo.

Ile oda ya sare uliyonitajia, usimpe mtu tarehe bado. Mwambie utamjibu daftari likishajaa. Akisema hawezi kusubiri, mwache aende kwa fundi mwingine, maana ukiipokea kwa hesabu zako za sasa utaishonea usiku, na zile nguo ulizochelewesha zitachelewa zaidi. Nipigie Jumapili jioni ukiwa na daftari mkononi, tuzijumlishe pamoja.

Mama yako