Nilipoacha Kujidunga Chooni

Kwa miezi minane nilijidunga insulini, dawa ya kushusha sukari kwenye damu, chooni. Hapa Nairobi: choo cha ofisini Upper Hill, choo cha hoteli barabara ya Tom Mboya, choo cha nyumbani kwa shangazi Kayole. Ninakuandikia wewe uliyeambiwa ukubwani, una kazi na watoto, kwamba una kisukari cha aina ya kwanza, na sasa unatafuta pa kujificha.

Nilikuwa na miaka 34. Kiu haikatiki, usiku kucha naenda haja ndogo, suruali zinanivuka, na watu wakinisifu kwamba nimepungua vizuri. Kliniki ya kwanza iliona mtu mzima ikaamua ni aina ya pili, ile inayowapata zaidi watu wazima, nikapewa vidonge vya metformin. Nilivimeza wiki kadhaa huku sukari ikizidi kupanda, hadi usiku mmoja nikaanza kutapika na kuhema, mke wangu akasema pumzi yangu inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Ilikuwa ketoasidosisi: mwili umekosa insulini, unachoma mafuta, na asidi inajaa kwenye damu. Nikiwa nimelazwa ndipo daktari alipoagiza vipimo vya damu vya C-peptidi, kinachoonyesha kama mwili bado unatengeneza insulini, na kingamwili za GAD, zinazoonyesha kama kinga ya mwili inaishambulia kongosho. Kama unakonda na vidonge havishushi sukari, viulizie vipimo hivyo kwa majina. Aina ya kwanza si ya watoto peke yao.

Nilipotoka hospitalini, shangazi aliniuliza, "Kwani ulikuwa unakula nini, baba?" Hakuwa na nia mbaya, lakini swali lile lilinikaa kifuani. Nilirudia kichwani kila kikombe cha chai na kila andazi la kibandani. Daktari alikuwa ameshanieleza kwamba ni kinga ya mwili wangu iliyoshambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini, wala si andazi. Alinieleza, sikusikia. Nilirudi kuuliza jambo lile lile mara tatu ndipo likaniingia. Nawe uliza, hata mara kumi, kwa sababu aibu ya kosa ambalo sikulifanya ndiyo iliyonipeleka chooni.

Kisha ikaja jioni ya barabara ya Jogoo. Matatu imesimama kwenye msongamano, nami nikaanza kutetemeka, jasho linanitoka, ulimi mzito. Mchana nilikuwa nimejidunga kisha nikaacha nusu ya ugali kwenye sahani, nawahi mkutano. Kondakta alidhani nimelewa. Mama aliyeketi kando yangu akaniinamia: "Kijana, una sukari?" Nikaitikia kwa kichwa. Alitoa soda kwenye kikapu chake akanishikia chupa nikanywa. Nilipoweza kujipima, kipimo kilisoma 2.9 mmol/L, hata baada ya ile soda: sukari ilikuwa imeshuka mno. Ningezimia pale, na hata wenzangu wa kazini wasingejua la kufanya, maana nilikuwa nimewaficha wote.

Kesho yake niliwaambia. Sukari yangu ikishuka chini ya 4, nipeni gramu 15 za sukari, yaani kama nusu ya soda ya mililita 300, isiwe ile isiyo na sukari. Tusubiri dakika 15, tupime tena. Nikizimia, msinitie kitu mdomoni, nikimbizeni hospitali. Mfukoni sikosi pakiti ya glukosi.

Huzuni haikuondoka siku hiyo. Niliulilia mwili wangu wa zamani, ule uliokula chapati bila hesabu, na sioni ubaya wa kuulilia. Kilichonisaidia ni kusoma habari za Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 aliyedungwa insulini Toronto mnamo Januari 1922, wa kwanza kutibiwa nayo. Kabla yake, kuambiwa una ugonjwa huu kulikuwa kuambiwa utakufa. Tangu hapo chupa iliyo kwenye friji yangu siioni tena kama adhabu.

Watakuletea mitishamba, watakuambia ukishaombewa tupa sindano. Mimi huomba kila siku, na kila siku najidunga. Hata ukiumwa na chakula hakipiti, usiikatize insulini kwa uamuzi wako. Pima sukari na upigie kliniki simu wakuelekeze kipimo cha dawa.

Siku hizi kule Kayole najidunga tumboni nikiwa mezani, watoto wakiangalia. Shangazi hushika mwiko juu ya sufuria, ananingoja: "Umeshadunga, nipakue?"