Matokeo ya Agosti hayana maana

Ndugu yangu shabiki wa Packers, yaani unasema kwotabeki (mrushaji pasi mkuu) wetu wa Bears kaisha, kwa pasi chache alizopoteza kwenye mechi za maandalizi za Agosti za NFL, ligi ya soka la Marekani? Mwaka 2005 timu ya Colts ya kwotabeki Peyton Manning ilifungwa mechi zake zote 5 za maandalizi, msimu ulipoanza ikashinda 13 mfululizo. Lions 2008 nao walishinda zote 4 za maandalizi, kisha msimu wenyewe wakala vipigo 16 bila ushindi hata mmoja (majirani zetu hao, tusiwacheke sana). Agosti makocha wanaficha mipango, na wakali wanacheza kidogo tu wanarudi benchi. Wewe mtazame kwotabeki wetu miguu anaporudi nyuma kutafuta wa kumpasia: anatulia, au anakimbia kabla hajaguswa? Hapo ndipo ninapopata wasiwasi mimi.